Njia Isiyofungwa: Kuhudumia Kompyuta za Kazi Zilizo Mbali na Ofisi



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuziunganisha na mtandao wa ofisi, muda wote, kompyuta zinazofanya kazi nje ya ofisi. Najua wengi wenu mmekuja na swali moja: mfanyakazi aliye Mtwara, au aliye nyumbani kwake Mbagala, atayafikiaje mafaili ya makao makuu? Nitalijibu. Ila naomba nilitangulizie swali jingine ambalo kwenye vikao vyetu huwa halina mwulizaji: ofisi yenyewe itaifikiaje kompyuta yake iliyo Mtwara? Msimamo wangu ni kwamba njia ya kudumu hujengwa kwa ajili ya kompyuta kwanza, na mtu hunufaika baadaye. Ofisi iliyoanza na mtu huishia na VPN ya kubonyeza, na VPN ya kubonyeza hubonyezwa siku ile tu mtu anapohitaji kitu. Siku nyingine zote kompyuta iko peke yake.

Chukueni jambo linalotokea kila mwaka katika ofisi zenye vituo mikoani. Afisa anahamishwa, anamkabidhi mwenzake kompyuta mpakato, wanatiliana saini kwenye hati ya makabidhiano. Mwenzake anaiwasha, anaandika jina lake na nywila yake ya ofisi. Inakataa. Anarudia polepole, herufi moja moja. Inakataa. Anapiga simu makao makuu, anaambiwa jina ni sahihi na nywila ni sahihi, na kweli zote ni sahihi. Tatizo ni kwamba kompyuta ile haijawahi kumwona. Windows ikiwa mbali na seva ya ofisi humpokea mtu aliyewahi kuingia kwenye kompyuta hiyo hiyo. Kwa kawaida huweka kumbukumbu ya watu 10 wa mwisho. Mgeni lazima athibitishwe na seva. Seva iko Dar es Salaam, na VPN ya kuifikia haifunguki mpaka mtu awe ameshaingia. Basi kompyuta inafungwa kwenye boksi, inapakiwa kwenye basi, inakwenda makao makuu ili mtu aingie mara moja tu, kisha inarudishwa kwa basi hilo hilo. Wiki nzima ya kazi imepotea kwa kitendo cha sekunde tano.

Hilo linaonekana, kwa hiyo hutafutiwa dawa. La hatari zaidi halionekani. Kompyuta iliyokaa mikoani miezi minane haijapokea masasisho kutoka kwenye seva ya ofisi, haijapokea sera mpya za usalama, programu yake ya kuzuia virusi inaripoti kwa seva isiyoisikia, na mtu aliyeacha kazi mwezi Machi bado anaweza kuifungua mwezi Septemba, kwa kuwa kompyuta haijaambiwa kwamba ameacha. Jahazi likikaa majini mwaka mzima bila kupandishwa pwani likakalafatiwa na kupakwa shahamu, nahodha halioni likioza. Hulijua siku maji yanapoingia. Mwezi Mei 2019 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu lililopewa jina la BlueKeep, lililokuwa kwenye huduma ya kuitumia kompyuta ukiwa mbali. Uzito wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kampuni hiyo ilitoa sasisho hata kwa Windows XP, ambayo ilikuwa imeshaacha kuihudumia tangu 2014. Kwa kompyuta iliyo mezani makao makuu, sasisho la namna hiyo huingia usiku mmoja. Kwa ile isiyoonana na seva, hungoja safari.

Sasa tuingie kwenye ujenzi wenyewe. Nitaanza na Windows, kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye madawati ya wengi wenu.

Mwaka 2009, Windows 7 na Windows Server 2008 R2 zilikuja na mfumo uitwao DirectAccess. Kompyuta ikipata intaneti, inajiunganisha na ofisi yenyewe, mtumiaji asibonyeze chochote. Wazo lilikuwa zuri. Utekelezaji wake ulisimama juu ya IPv6, na kulitafuta kosa ndani yake kulichosha watu. Mrithi wake, Always On VPN, alikuja katika zama za Windows 10, na mwaka 2024 Microsoft ilitangaza kwamba DirectAccess haitaendelezwa tena. Kama kuna ofisi hapa inayoanza leo, isipoteze muda huko.

Always On VPN ina njia mbili, na kuzitofautisha ndiyo nusu ya kazi. Ya kwanza ni njia ya kompyuta. Hufunguka mara mashine inapowaka na kupata intaneti, kabla mtu yeyote hajaandika jina lake. Kinachothibitishwa hapo ni kompyuta, kwa cheti cha kidijitali kilichowekwa ndani yake. Njia hii ipewe ruhusa finyu: ifike kwenye seva za utambuzi, seva ya majina, seva ya masasisho, basi. Isifike kwenye mfumo wa uhasibu, wala kwenye masijala, kwa sababu wakati huo hatujui nani amekaa mbele ya skrini. Ya pili ni njia ya mtumiaji. Hufunguka baada ya mtu kuingia, kwa utambulisho wake mwenyewe, na humpeleka pale cheo chake kinapomruhusu.

Yule afisa aliyekabidhiwa kompyuta angekuwa na njia ya kwanza, angeandika nywila yake na kompyuta ingemwuliza seva papo hapo. Kuna jambo dogo tu la kumfundisha: skrini ya kuingilia ya Windows ina alama ya mtandao pembeni chini, aiguse, achague Wi-Fi ya simu yake, asubiri kidogo, ndipo aandike jina. Nimeona mafunzo ya siku mbili yaliyosahau kipengele hicho.

Njia ya kompyuta hutumia itifaki ya IKEv2, inayopita kwenye milango ya UDP namba 500 na 4500. Ubora wake ni kwamba inavumilia kuhama. Mtu akitoka kwenye Wi-Fi ya hoteli akahamia kwenye laini ya simu, anwani inabadilika lakini njia haikatiki. Utaratibu huo umewekwa kwenye viwango vya kimataifa tangu 2006. Udhaifu wake ni kwamba mitandao mingine ya wageni huifunga milango hiyo. Kwa hiyo njia ya mtumiaji ipewe pia itifaki ya akiba, SSTP, inayopita kwenye mlango 443 ule ule wa kurasa za wavuti zilizosimbwa, ambao ni nadra kukuta umefungwa.

Kabla mhasibu hajaandaa malipo, ajue hili: njia ya kompyuta ya Microsoft hukubali toleo la Enterprise au Education, tena kompyuta iwe imeandikishwa kwenye domeni ya ofisi. Kompyuta nyingi zinazonunuliwa madukani kwetu huja na toleo la Pro. Njia ya mtumiaji itafanya kazi juu ya Pro. Ya kompyuta haitafanya. Ofisi isiyo na uwezo wa kununua leseni hizo isikate tamaa, maana kuna programu ya VPN iitwayo WireGuard. Imeandikwa na Jason Donenfeld, haina malipo, na iliingizwa ndani ya kiini cha Linux, toleo 5.6, mwezi Machi 2020. Mistari yake ya msimbo ni kama 4,000 tu, kwa hiyo mtu anaweza kuikagua yote. Kwenye Windows huendeshwa kama huduma ya mfumo, maana yake inawaka pamoja na mashine kabla ya mtu kuingia, na toleo la Pro linatosha. Tena seva yake haimjibu mtu asiye na ufunguo. Anayepekua anwani za intaneti akitafuta milango ya kuvunja anakutana na ukimya.

WireGuard ina gharama yake, nayo ni utunzaji wa kumbukumbu. Vyeti vya Microsoft hufa vyenyewe tarehe ikifika. Ufunguo wa WireGuard haufi. Kompyuta iliyoibiwa Ubungo mwaka huu itaendelea kuwa na ruhusa mpaka mtu wa TEHAMA afungue seva na kuufuta ufunguo wake. Kwa hiyo kuwe na daftari, la karatasi au la kompyuta, linaloonyesha ufunguo upi uko kwenye mashine ipi na mashine iko mkononi mwa nani. Na diski ya kila kompyuta isimbwe kwa BitLocker, ambayo hata Pro inayo, ili mwizi apate chuma tu.

Nikae kidogo kwenye vyeti, kwa sababu hapo ndipo miradi mingi hufa mwaka wa pili, wakati aliyeiweka ameshahamia kampuni nyingine. Kigezo cha kawaida cha cheti cha kompyuta cha Microsoft hudumu mwaka 1, na hupangwa kuhuishwa kuanzia wiki 6 kabla ya kuisha. Kwenye nchi na ofisi ambako kompyuta huwashwa kila siku, wiki 6 ni nyingi. Sasa pigeni hesabu ya kwetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania humpa mama aliyejifungua likizo ya siku 84, yaani wiki 12. Akiifungia kompyuta yake kabatini wiki moja kabla ya muda wa kuhuisha kuanza, atakapoirudia cheti kitakuwa kimeshakufa, njia haifunguki, na bila njia hawezi kupata cheti kipya. Mama mwenye mtoto mchanga anaambiwa asafiri na kompyuta mpaka makao makuu. Hilo ni kosa la mpangilio tu. Kigezo cha ofisi zetu kiandikwe upya: cheti cha miaka 2, kuhuishwa kuanzie miezi 5 kabla ya mwisho. Ni dakika kumi za kazi, na zinafanywa mara moja.

La pili linalofanana nalo ni saa. Kwenye ubao wa kompyuta kuna betri ndogo ya duara inayotunza saa umeme ukizimwa. Ikifa, mashine huamka ikiamini ni mwaka wa zamani. Cheti kilichoanza mwaka jana kinaonekana hakijaanza, seva inakataliwa, njia haifunguki. Na saa sahihi ingetoka ofisini kupitia njia hiyo hiyo. Hata ikifunguka kwa namna fulani, utambuzi wa Windows hauvumilii tofauti ya saa inayozidi dakika 5. Mtumiaji anaona ujumbe mrefu usioeleweka, fundi anaanza kubadilisha mipangilio ya mtandao, na siku inakwisha. Mtu akikupigia kwamba VPN imekufa ghafla, mwulize kwanza saa na tarehe iliyo pembeni ya skrini yake.

Nimesema cheti kinakufa chenyewe. Kabla ya kufa kinaweza kubatilishwa, kwa mfano kompyuta ikipotea, na watu huamini kwamba kubatilisha kunatosha. Kwenye seva ya Windows, ukaguzi wa orodha ya vyeti vilivyobatilishwa kwa njia ya kompyuta unatakiwa kuwashwa kwa mkono. Pia seva iambiwe mamlaka ipi ya vyeti ikubaliwe, la sivyo inaweza kukubali cheti cha mashine kilichotolewa na mamlaka yoyote inayoaminika na Windows. Msikubali maneno ya mkandarasi hapa. Chukueni kompyuta moja, batilisheni cheti chake, subirini orodha mpya itoke, halafu jaribuni kuunganisha. Ikiunganika, mkandarasi bado hajamaliza kazi.

Ninalisisitiza hili kwa sababu ya jambo lililotokea Marekani. Kampuni ya Colonial Pipeline huendesha bomba linalopeleka karibu asilimia 45 ya mafuta ya pwani ya mashariki ya nchi hiyo. Tarehe 7 Mei 2021 ilisimamisha bomba lote baada ya mifumo yake ya kompyuta kushikwa mateka na kundi liitwalo DarkSide. Vituo vya mafuta vikakauka, watu wakapanga foleni. Kampuni ililipa bitcoin 75, karibu dola milioni 4.4 kwa bei ya wakati ule. Uchunguzi ulionyesha kwamba wavamizi waliingia kwa akaunti ya zamani ya VPN iliyokuwa haitumiki tena. Hakuna aliyeifunga. Nywila yake ilikuwa imevuja, na baada ya nywila hakukuwa na uthibitisho wa pili. Mkurugenzi mkuu wa wakati huo, Joseph Blount, aliyaeleza hayo mbele ya Seneti mwezi Juni mwaka huo.

Tazameni kilichovunjwa pale. Usimbaji haukuvunjwa, wala hakuna hesabu ya kisayansi iliyoshindwa. Akaunti moja ilisahaulika. Ndiyo maana kwenye njia ya kudumu sitaki nywila iwe ufunguo pekee. Kompyuta ithibitishwe kwa cheti, mtu athibitishwe kwa cheti au kwa namba inayotolewa na programu ya simu juu ya nywila, na siku mtu anapoacha kazi barua ya idara ya rasilimali watu ifike TEHAMA siku hiyo hiyo, si mwisho wa mwezi pamoja na mishahara. Na tafadhali, ofisi iliyoufungua mlango 3389 moja kwa moja kwenye intaneti ili meneja aione kompyuta yake ya mezani akiwa nyumbani, iufunge leo kabla ya chakula cha jioni. Mlango huo hutafutwa na programu za wavunjaji usiku na mchana, duniani kote.

Turudi kwenye ardhi yetu, kwani mwongozo wa Microsoft umeandikwa kwa ofisi ambayo umeme haukatiki.

Kompyuta iliyo mikoani hupata intaneti kwa laini ya simu, na mitandao ya simu haimpi kila mteja anwani yake ya hadharani; wateja wengi hushiriki anwani moja. Kwa kompyuta hilo si tatizo, kwa sababu yenyewe ndiyo inayopiga hodi kutoka ndani kwenda nje. Kwa ofisi ni tatizo kubwa. Ofisi ndogo inayotumia ruta ya laini ya simu haina mlango ambao mtu wa nje anaweza kuubisha. Ama inunue anwani maalumu isiyobadilika kutoka kwa mtoa huduma, ama ikodi seva ndogo kwenye kituo cha data, ofisi na kompyuta zote zipige hodi hapo na kukutania hapo.

Seva hiyo ikodiwe wapi? Watu hutazama bei, wakaikodi Ulaya au Marekani. Mimi nasema iwe ndani ya nchi, na sababu yangu ina tarehe. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika katika pwani ya kusini mwa Afrika. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia. Intaneti ilidorora kwa siku kadhaa. Fikirini ofisi iliyo Dar es Salaam yenye tawi Morogoro, ambayo lango lake la VPN liko Frankfurt. Faili linalotoka Dar kwenda Morogoro, safari ya chini ya kilomita 200, linapita chini ya bahari kwenda Ulaya na kurudi. Mikongo ikikatika, ofisi inatengana na tawi lake ingawa kati yao Mkongo wa Taifa ni mzima. Lango likiwa ndani ya nchi, na watoa huduma wakibadilishana data hapa hapa, kama wanavyofanya TIX Dar es Salaam na KIXP Nairobi, kazi ya ndani inaendelea hata bahari ikikatika.

Halafu umeme. Ijumaa jioni umeme unakatika, betri ya akiba inaisha, seva inazimika. Umeme unarudi saa nne usiku. Seva hairudi, kwa sababu imepangwa kungoja mtu abonyeze kitufe. Mpaka Jumatatu saa mbili asubuhi, vituo vyote vimefungiwa nje. Kwenye mipangilio ya awali ya karibu kila seva kuna kipengele cha kuiamuru iwake yenyewe umeme ukirudi. Kiwashwe, kisha kijaribiwe kwa kuchomoa waya mchana kweupe. Nimewahi pia kufuatilia, katika ofisi moja, VPN iliyokuwa ikifa kila siku saa kumi na mbili jioni na kufufuka saa moja asubuhi. Mafundi walishabadilisha ruta na waya. Kumbe mlinzi alikuwa akizima swichi kuu kila jioni, kama alivyoagizwa na utawala, kuokoa yuniti za LUKU. Alifanya kazi yake vizuri. Chumba cha seva kiwekewe saketi yake, na utawala uandikiwe barua inayoeleza sababu.

Kuhusu bando, hofu ni kubwa kuliko ukweli. Njia ya WireGuard isiyobeba kitu, inayotuma ishara kila sekunde 25 ili mtandao wa simu usiisahau, hutumia chini ya nusu megabaiti kwa siku, hata ukihesabu na kubadilishana funguo. Kinachomeza bando ni masasisho, na yale yanayobebwa bila sababu. Hapa kuna uamuzi wa kufanya: je, kila kitu anachofanya mtumiaji kipite ofisini, au vipite vya ofisi tu? Wengine watawaambia kila kitu, kwa ajili ya usalama. Mimi, kwa ofisi za kwetu, nachagua vya ofisi tu. Mtu aliye Mwanza akiwa kwenye mkutano wa video, picha yake ikipitishwa Dar es Salaam kwanza, inaingia kwenye waya wa ofisi na kutoka tena, na watu 40 wakifanya hivyo waya unajaa na mkutano unakwama. Mwaka 2020, corona ilipowapeleka watu majumbani, Microsoft yenyewe ilizishauri ofisi zitoe mikutano ya Teams nje ya VPN. Na kama bando la kazi linatoka mfukoni mwa mfanyakazi, ofisi imlipe. Masasisho ya kompyuta ya mwajiri hayawezi kuwa mzigo wa mshahara wake.

Anwani za ndani ya ofisi nitazipitia haraka. Ruta nyingi za nyumbani hutumia 192.168.0 au 192.168.1. Ofisi ikitumia hizo hizo, kompyuta iliyo nyumbani itaitafuta seva ya ofisi na kuishia kwenye televisheni ya sebuleni. Chagueni safu ya anwani zinazoanza na 10, yenye namba zisizo za kawaida, na mfanye hivyo kabla mtandao haujakua. Na ikitokea kurasa ndogo zinafunguka lakini mafaili makubwa yanakwama katikati, msimlaumu mtoa huduma mpaka mmepunguza ukubwa wa pakiti kwenye VPN, jaribuni 1280.

Limebaki suala la sheria, nalo lina pande mbili. Tarehe 13 Oktoba 2023 TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilitoa tangazo kwamba watu na kampuni zinazohitaji VPN kwa shughuli zao zitoe taarifa zao, ikiwemo anwani ya IP, ifikapo tarehe 30 ya mwezi huo. Msingi wake ni Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2020. Ofisi inayojenga njia ya kudumu isiache jambo hilo kwa fundi. Ni la mwanasheria na mkurugenzi, na likamilishwe kabla ya kompyuta ya kwanza kuunganishwa.

Upande wa pili ni wa mfanyakazi. Akisikia kompyuta yake imeunganishwa na ofisi saa 24, anauliza, na ana haki ya kuuliza, kama bosi anamwona akiwa nyumbani. Ajibiwe kwa maandishi: ofisi inaona nini, inaweka kumbukumbu kwa muda gani, nani anazisoma. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019, na zote zinamtaka mwajiri awe na sababu halali ya kukusanya anachokusanya. Nikiwa mwajiri ningeandika pia kwamba kuunganishwa kwa mashine hakubadili saa za kazi. Nimeona barua pepe za saa tano usiku zikianza wiki ile ile mradi ulipokamilika, na mkuu wa idara akidai majibu kwa kuwa sasa kila mtu yuko kwenye mtandao. Kompyuta ndiyo iliyounganishwa usiku kucha. Mwenye kompyuta amelala na watoto wake, na ana haki hiyo.

Wakuu wa taasisi, kabla hamjatangaza zabuni, kabla hamjamwita mkandarasi, nawaomba kitu kimoja. Kesho mwambieni afisa TEHAMA wenu awaletee orodha ya kompyuta zote zilizo nje ya makao makuu, na mbele ya kila moja aandike tarehe ambayo seva ya ofisi iliiona mara ya mwisho. Akiweza kuileta, isomeni pamoja, muanze na zilizopotea muda mrefu zaidi. Akishindwa kuileta, msimkemee. Mpeni watu, gari na bajeti ya kwenda kuzihesabu, kwa sababu mradi wenu unaanzia hapo.